Kaseti ya Manjano na Diwani ya SNK

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza gemu. Yamepangwa upya kidogo kwa ajili ya kusomwa.)

Marahaba, marahaba. Nimepokea shikamoo nyingi tangu mlangoni, na siwezi kuzijibu moja moja, basi hii iwe yenu nyote. Mwalimu wenu aliniambia, "Fundi, njoo uwasimulie vijana habari za gemu za zamani." Nikamwambia mimi ni fundi wa televisheni, nimezoea kuongea na chuma cha kulehemu, jukwaani sijui nitasema nini. Akaniambia njoo hivyohivyo. Haya, nimekuja, na nimekuja na kitu mfukoni.

Hiki hapa. Mlio nyuma hamkioni vizuri: ni kaseti ya gemu, plastiki ya manjano, stika imechubuka yote imebaki namba tu, 9999. Iliingia kibandani kwangu miaka ya 1990 mwishoni, wakati huo ninakodisha gemu kwa watoto wa mtaani, televisheni mbili, benchi moja. Ukiichomeka inakuandikia orodha ya gemu elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Usiku mmoja usingizi uliniruka nikaamua kuzihesabu kwa haki. Hazikuzidi sitini. Nyingine zote ni zilezile zimepewa jina jipya, au unaanzishwa hatua ya tatu badala ya ya kwanza, au mtu wako kabadilishiwa rangi ya shati.

Ilipoharibika nikaifungua. Nilitegemea kukuta chipu zenye miguu yake, zenye maandishi mgongoni, kama ilivyo kwenye kaseti halali. Nikakuta kibao kidogo chembamba na juu yake tone la lami nyeusi, kama kinyesi cha mbuzi. Gemu zote zimo humo ndani ya tone. Fundi hana pa kushika.

Na waliofyatua kaseti hizi walifanya jambo jingine, ambalo ndilo lililonileta hapa. Walifuta majina. Kwenye skrini ya kwanza, pale penye jina la kampuni na mwaka, walikwangua pakabaki peusi. Kwa hiyo sisi tulikua na gemu zisizo na wazazi. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama mimi ndiye niliyezitunga. Sikufanya haraka kumkatalia.

Sasa, miaka michache iliyopita mpwa wangu aliyeko Muscat alikuja likizo na mashine ya gemu ya Nintendo Switch, na ndani yake mlikuwa na kitu kinaitwa SNK 40th Anniversary Collection. Akaniambia, "Mjomba, hizi si ndizo gemu zako za kibandani?" Nikakaa nayo siku tatu. Mama watoto ni shahidi, na si shahidi wa upande wangu.

SNK ni kampuni ya Japani, ilianzishwa 1978 huko Osaka, na herufi zake ni kifupi cha Shin Nihon Kikaku. Wengi wenu mnaijua kwa The King of Fighters na Metal Slug, gemu za mashine yao ya Neo Geo iliyotoka 1990. Mkusanyiko huu haugusi kabisa zama hizo. Unachukua miaka ya kabla, kampuni ikiwa bado inapapasa, inajaribu ndege za angani, vifaru, masumbwi ya barabarani, ramani za kichawi. Ulitoka Novemba 2018 kwa Switch na mwaka uliofuata kwa PlayStation 4. Ulianza na gemu kumi na tatu, kisha zikaongezwa nyingine kumi na moja bila malipo, ya zamani kuliko zote ikiwa Ozma Wars ya 1979. Walioutengeneza ni Digital Eclipse wa Marekani, watu ambao tangu miaka ya 1990 kazi yao ni kuzifanya gemu za mashine kuukuu zifanye kazi kwenye mashine mpya.

Hapa niruhusuni nizungumze kifundi kidogo, maana mtu akisikia "wamehamisha gemu" anadhani ni kama kuhamisha wimbo kutoka simu hadi simu.

Gemu za wakati ule zilikuwa kwenye makabati makubwa ya kutumbukiza sarafu. Ndani ya kabati kuna ubao, na kwenye ubao kuna chipu za kumbukumbu, nyingi za aina ya EPROM. Chipu hizi zina kidirisha cha kioo juu, kwa sababu zilikuwa zinafutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Ndiyo maana mafundi walibandika stika juu ya kile kidirisha. Stika ikidondoka, jua na taa zinaanza kula gemu polepole, na hata stika ikiwa imara, umeme uliofungiwa mle ndani unavuja mwaka hadi mwaka. Bao nyingine za baadaye zilikuwa mbaya zaidi. Capcom, kampuni nyingine ya gemu ya Japani, walikuwa na mtindo, kwenye bao zao za CPS-2 za kuanzia 1993, wa kuweka betri inayolinda funguo za siri za gemu ili mtu asiidurufu. Betri ikifa, gemu inakufa nayo. Nimetengeneza redio za mwaka 1960 zikaimba. Ubao wa namna hiyo ukiniletea betri imeshalala, nitakupa pole tu.

Kwa hiyo mtu wa kwanza ni yule anayewahi chipu kabla hazijafutika, akazisoma, akatoa nakala. Halafu anakuja mtu wa pili anayeandika programu inayojifanya ni ubao ule: emuleta. Ubao wa Ikari Warriors, kwa mfano, una prosesa za Z80 zaidi ya moja, zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, nyingine inapiga sauti. Emuleta lazima izigize zote kwa pamoja na kwa mwendo uleule, la sivyo risasi inafika kabla ya mlio wake. Sehemu kubwa ya kazi hii duniani ilianzwa na watu waliokaa majumbani kwao bila mshahara. Mradi maarufu wa MAME ulianzishwa na Mwitaliano, Nicola Salmoria, mwaka 1997. Kampuni zilikuja nyuma, zikakuta njia imeshalimwa.

Lakini kulikuwa na tatizo ambalo nakala ya chipu hailimalizi, nalo ni mkono.

Ikari Warriors ya 1986 ina wanajeshi wawili, mwekundu na wa bluu, wanapanda msitu kwenda juu. Kijifimbo cha kuwaendeshea kwenye kabati lake kilikuwa cha ajabu: unakisukuma mtu aende, na ukikizungusha kama kitasa cha redio mtu anageuza bunduki. Ina maana unaweza kukimbia kusini huku unapiga kaskazini. Ilipohamishiwa kwenye kaseti za nyumbani, za mashine ya Nintendo, kitasa hakikuwepo, mtu anapiga kule anakoelekea tu. Gemu ikawa nzito, ya kuburuza, na dunia nzima ikaihukumu kwa ile kaseti. Sisi kibandani pia tuliihukumu. Tuliiita "gemu ya wagonjwa", jinsi wale askari walivyokuwa wakitembea.

Digital Eclipse walichofanya ni kutumia vijifimbo viwili vya padi ya kisasa: cha kushoto kinatembeza, cha kulia kinalenga. Nilipoishika hivyo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu sebuleni. Zaidi ya miaka ishirini nimeitukana gemu ya watu, kumbe sijawahi kuicheza.

Kuna nyingine. Kibandani nilikuwa na kaseti moja ya kijivu isiyo na stika kabisa, wapiganaji wawili wanasonga mbele kisiwani, wanaokoa mateka waliofungwa kamba, ukimpiga mateka kwa bahati mbaya unakatwa pointi. Watoto waliipenda sana kwa sababu unaweza kuingia ndani ya kifaru ukaendesha. Tuliiita "Makomando", kama tulivyoita nusu ya gemu zote. Kumbe jina lake kule Japani, ilipotoka 1987, ni Guevara. Mchezaji wa kwanza ni Che, wa pili ni Fidel Castro, na kisiwa ni Kuba. Ilipopelekwa Marekani majina yakaondolewa ikaitwa Guerrilla War tu, wapiganaji wawili wasiojulikana katika nchi isiyojulikana. Mnaona? Kumbe hawakuwa wafyatuaji wa kaseti za manjano peke yao waliofuta majina. Wenye mali nao walifuta, kwa sababu zao.

Sasa nifikirieni mimi, Mtanzania, nimekaa na gemu ya Che kibandani miaka yote ile bila kujua. Mtu aliyepita hapahapa Dar es Salaam Aprili 1965, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika usiku kwenda kupigana Kongo, na jina la siri alilopewa lilikuwa la Kiswahili: Tatu. Wenzake walikuwa Moja na Mbili. Aliposhindwa, Novemba mwaka uleule, alirudi akajificha Dar, kwenye ubalozi wa Kuba. Wazee waliokuwa wanapita kibandani kununua vocha wangenisimulia habari hizo jioni nzima, lau kama kwenye ile kaseti pangeandikwa neno moja tu.

Ndiyo maana mimi mkusanyiko huu nauita diwani. Mnajua diwani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikuwa midomoni mwa watu kwa miaka mingi baada ya yeye kufariki, yanaimbwa, yanajibizana, mengine yameshapoteza mwenyewe. Karne ya 19 ikielekea ukingoni, Mwalimu Sikujua akakaa na Mzungu Taylor wakayaandika, wakaeleza hili lilitungwa kwa ugomvi gani, neno hili maana yake nini, na diwani ikachapishwa 1940. Mashairi ya Muyaka yangeweza kubaki bila wao. Muyaka ndiye asingebaki.

Ndani ya diwani hii ya SNK mna sehemu ya makumbusho. Mna historia ya kampuni tangu 1978, gemu kwa gemu, hata zile ambazo huwezi kuzicheza mle. Mna vipeperushi vya matangazo vilivyokuwa vinagawiwa kwa wenye maduka ya gemu, mna michoro, mna muziki. Nilitumia muda mrefu zaidi mle kuliko kwenye kupiga risasi, na mpwa wangu hakunielewa. Hata hivyo majina ya watu bado ni machache. Kampuni za Japani wakati ule ziliogopa washindani wasiwaibie mafundi, hivyo mwisho wa gemu nyingi unakuta majina ya utani, wakati mwingine hukuti kitu. Aliyeibuni Ikari anatajwa kuwa Keiko Iju, na Keiko kwa kawaida ni jina la mwanamke. Nilipowaambia vijana wangu wa kibanda cha zamani, wote wanaume wenye ndevu sasa, mmoja alinijibu, "Fundi, unatutania."

Mtaniuliza: je, gemu hizi ni nzuri? Nyingine si nzuri. Nitawaambia ukweli, Athena ya 1986 inachosha. Binti wa kifalme anaanguka kutoka mbinguni akiwa karibu hana nguo, anapiga mateke vijidudu, anaokota silaha, inamponyoka, anakufa kwa makosa ambayo si yako. Nimeicheza dakika arobaini nikaiacha na wala sitarudi. Lakini binti huyo aliwekewa mzao wake katika Psycho Soldier ya 1987, gemu yenye wimbo unaoimbwa na mtu halisi wakati unacheza, jambo ambalo mashine za sarafu hazikuwa zimelizoea. Na huyo mzao, Athena Asamiya, akaingia The King of Fighters '94. Ralf na Clark, wale mnaowachagua kila siku kwa sababu ya mikono yao mizito, ndio askari wawili wa Ikari, mwekundu na wa bluu. Mnawacheza wajukuu, babu zao hamjawahi kuwaona. Ukiwa mtengenezaji utajifunza zaidi kwa Athena iliyoshindwa kuliko kwa gemu kumi zilizofaulu, kwa sababu kwenye iliyofaulu mshono hauonekani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema tuhifadhi zile kubwa tu. Zile kubwa zina wenyewe. Kila mashine mpya ikitoka zinauzwa tena, na tunazinunua tena kama watu waliosahau. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation, pamoja na Software Preservation Network, ilitoa utafiti juu ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010. Asilimia 87 hazipatikani sokoni kwa njia halali. Huko ndiko kwenye maduka, maktaba na wanasheria. Maktaba za huko ziliomba ruhusa ya kuwawezesha watafiti kuzifungua gemu za namna hiyo wakiwa mbali, kama wanavyosoma vitabu, na mwaka 2024 ofisi ya hakimiliki ikakataa.

Sijaja kuipigia debe bidhaa, kwa hiyo nisikilizeni na haya. Kwanza bei: kijana wa kawaida hapa hanunui Switch ili acheze gemu ya 1981. Pili, vitu hivi vingi vinauzwa kwenye maduka ya mtandaoni, na maduka hufungwa. Nintendo walifunga duka la mashine zao za 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, na mikusanyiko mingi ya gemu za kale iliyokuwa ikiuzwa mle tu ikawa kwa waliowahi. Tatu, ni haki miliki. Mkusanyaji anaweka anachoruhusiwa. Chukueni Atari 50 ya 2022, mkusanyiko wa gemu za kampuni ya Atari, kazi ya hawahawa Digital Eclipse, ina gemu zaidi ya mia na mahojiano mazuri kuliko chochote nilichowahi kuona. Lakini E.T. ya 1982, ile iliyozikwa jangwani New Mexico ikafukuliwa 2014, haimo, kwa sababu filamu ina wenyewe. Historia ya Atari bila E.T. ni kama kusimulia harusi ukaruka ugomvi wa mahari.

La nne ni langu binafsi na mnaweza kunicheka. Mle kuna kitufe cha kurudisha nyuma: ukifa, unarudisha wakati, unajaribu tena. Kuna pia namna ya kukaa ukatazama gemu ikijicheza yenyewe hadi mwisho, na ukitaka unaingia katikati. Hiyo ya kutazama naipenda, ni kama kumkalia nyuma mtoto hodari kibandani. Ya kurudisha nyuma inanisumbua. Gemu za sarafu zilitungwa ili ufe haraka, utie sarafu nyingine. Ugumu wake ndio ulikuwa mlango wa duka. Mimi kibandani nilitoza kwa nusu saa, ufe usife saa inatembea, kwa hiyo gemu ileile kwetu ilikuwa kitu kingine: watoto walikufa kwa raha, wakashauriana, wakabadilishana zamu ndani ya dakika zao. Na mpwa wangu, anayebonyeza kitufe kila akiguswa, anacheza gemu ya tatu. Ipi ndiyo yenyewe? Mkusanyiko hauwezi kuingiza ndani yake bei ya sarafu wala benchi la kibanda changu. Mashine zimehifadhiwa, ila namna tulivyozicheza huku hakuna aliyeandika, na hao wa Osaka au California hawana pa kuijulia.

Basi turudi kwenye kaseti hii. Tone la lami lilikufa, lakini nilipata nyingine ya ukoo uleule, imo ndani ya ganda la zamani. Nimeanza daftari. Kila gemu naipa mstari: namba yake kwenye orodha, jina tuliloipa kibandani, halafu jina lake la kweli, kampuni na mwaka. Ile ya vifaru wanaolinda ndege nyuma ya matofali, tuliyoiita "Vita ya Kuku", ni Battle City ya Namco, 1985. Ile ya gari linaloishiwa mafuta, "Dereva wa Mikoani", ni Road Fighter ya Konami, 1984. Nimefikisha arobaini na moja.

Zimebaki chache zinazonitesa. Namba 27 ni kijimtu cha kofia kinachochimba chini huku kinafukuzwa na kitu kama jongoo, na muziki wake una pigo la chakacha, naapa. Wenye televisheni pale pembeni wameniahidi wataiwasha tukimaliza. Anayeitambua asipige kelele, aje aniandikie kwenye daftari, kalamu ninayo.